Kijana wetu wa Gredi ya 8 anafuata wenzake katika kila jambo. Tumpeleke bweni?

Hujambo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Free Area, hapa Nakuru. Mume wangu ni fundi wa magari, mimi nauza mboga sokoni. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka 17, yuko Kidato cha Tatu. Wa pili ni mvulana wa miaka 13, yuko Gredi ya 8. Kitinda mimba ni msichana wa miaka 7.

Anayeninyima usingizi ni huyu wa katikati. Hadi anamaliza Gredi ya 6 alikuwa mtoto wa kuongea. Akitoka shule ananifuata jikoni, ananieleza nani aligombana na nani na mwalimu alisema nini. Siku hizi nikimuuliza jambo najibiwa "sawa tu". Suruali ya sare ameipeleka kwa fundi wa cherehani ikabanwa miguuni mpaka kuivua ni kazi. Kwaya ya kanisa ameiacha kwa sababu, asema, hakuna kijana wa rika lake anayeimba. Nikikutana naye njiani akiwa na wenzake ananipita kana kwamba hanijui.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumapili iliyopita jirani alitujia na kutuambia amewaona wamebebana mshikaki, vijana wanne kwenye pikipiki moja, katika barabara kuu wakielekea Lanet, bila helmeti hata moja. Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wanayesoma naye, na pikipiki ni ya mjomba wa huyo mtoto. Walianza safari wakiwa watano, lakini mmoja alikataa kupanda akarudi kwao kwa miguu. Baba alimuuliza wetu, "Nani alikulazimisha?" Akajibu hakuna. "Hukujua ni hatari?" Akajibu alijua. Baba alipandwa na hasira, akaona anachezewa. Mimi nilimtazama mtoto machoni nikaona anasema kweli, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Sasa baba anataka muhula ujao ahamishiwe shule ya bweni, mbali na hao marafiki. Mimi nasita. Dada yake alipokuwa Kidato cha Kwanza alikuwa vivyo hivyo, ilikuwa lazima viatu viwe kama vya fulani na nywele kama za fulani. Leo wenzake wakipanga jambo asilolipenda anawaambia hataki, na haoni shida. Na huyu mdogo naye ameanza. Amekataa kubeba viazi vitamu shuleni kwa kuwa wenzake hubeba mkate, na mwalimu wake amenieleza kwamba hufuta jibu sahihi akiona wa dawati lake wameandika jingine.

Je, ni umri au ni marafiki wabaya? Bweni litamsaidia? Tumkataze kabisa kutembea na hao vijana? Na huyu mdogo, tuanze naye sasa au tungoje?

Mama Watatu, Free Area, Nakuru

*

Mama Watatu,

Tuanze na pikipiki, maana hiyo ndiyo inayoweza kukupokonya mtoto. Suruali iliyobanwa, kwaya aliyoiacha na kukupita njiani ni mambo ya uzito mwingine kabisa. Wazazi wengi hukosea hapa: huyakemea yote kwa sauti moja. Mtoto akisikia suruali na pikipiki zikigombwa sawasawa, huamua kwamba zote ni kelele za wazazi, na onyo la pikipiki linapotea humo.

Kwa hiyo kabla hamjamwita tena, wewe na baba kaeni wawili mkubaliane ni mambo gani hayana mjadala nyumbani kwenu. Yasizidi manne, kwa sababu orodha ndefu hakuna anayeikumbuka akiwa barabarani. Kwa umri wake na mahali mnapoishi, ningeweka haya: hapandi pikipiki inayoendeshwa na mtoto mwenzake, wala pikipiki yenye abiria zaidi ya mmoja (sheria ya trafiki ya Kenya nayo inataka abiria mmoja tu); haonji anachopewa, iwe sigara, muguka (aina ya miraa), kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni) au pombe; haogelei kwenye mabwawa na machimbo yaliyojaa maji, na saa ya kuwa nyumbani inajulikana. Mengine yote yanaongeleka. Suruali iacheni. Shule ikiikataa itamwambia yenyewe, na hapo mtakuwa mmeepuka vita visivyo vyenu.

Sasa swali lako kubwa. Ni umri zaidi kuliko marafiki, na watoto wako watatu wako katika hatua tatu za jambo hilo moja.

Kufuata wenzao watoto huanza mapema sana. Mwaka wa 2011 watafiti Daniel Haun na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani, waliwakalisha watoto wa miaka minne katika vikundi vya wanne, kila mmoja na kitabu chake cha picha za wanyama. Watoto waliamini vitabu vyote ni sawa, kumbe cha mmoja wao kilikuwa na kurasa zilizotofautiana. Akifika kwenye kurasa hizo anawasikia wenzake watatu wakitoa jibu ambalo macho yake yanamwambia si sahihi. Kati ya watoto 24 waliowekwa kwenye nafasi hiyo, 18 walifuata wenzao angalau mara moja. Walipopewa nafasi ya kuonyesha jibu kimya, wenzao wasione, waliofuata walipungua. Maana yake ni kwamba jibu walilijua. Walichokwepa ni kulisema peke yao mbele ya wengine. Binti yako anayefuta jibu sahihi anafanya hilo hilo.

Mtoto akikua anazidi kuyaamini macho yake na hesabu zake, lakini kuna jingine linalopanda wakati huo huo, nalo ni gharama ya kuonekana tofauti. Mwaka wa 1966 Philip Costanzo na Marvin Shaw waliwapima watu wa kuanzia miaka 7 hadi 21 kwa kazi rahisi ya kulinganisha urefu wa mistari huku wenzao wakitoa majibu ya makosa. Waliofuata makosa zaidi ya wote ni wa miaka 11 hadi 13, kisha ufuasi ukashuka kwa wakubwa wao. Mwaka wa 1979 Thomas Berndt aliwauliza wanafunzi wa Marekani, kuanzia gredi ya 3 hadi mwisho wa sekondari, wangefanya nini kama marafiki wangewataka wafanye jambo jema, jambo la kawaida au kosa. Katika makosa, utayari wa kufuata ulifika kilele karibu na gredi ya 9, yaani miaka 14 au 15, halafu ukapungua. Utayari wa kuwafuata wazazi ulikuwa ukishuka kadiri umri ulivyopanda.

Nakuambia haya ili ujipange. Kijana wako huenda bado hajafika kileleni, na mwaka ujao unaweza kuwa mgumu kuliko huu. Ukidhani ya sasa ndiyo mabaya zaidi, utakata tamaa mapema. Lakini kilele kina upande wa kushuka. Laurence Steinberg na Kathryn Monahan, mwaka wa 2007, walikusanya majibu ya zaidi ya watu 3,000 wa umri mbalimbali wakaona kwamba uwezo wa kusimama peke yako mbele ya wenzako hukua hasa kati ya miaka 14 na 18. Ndicho ulichokiona kwa binti yako mkubwa. Hakugeuka kwa mahubiri wala kwa adhabu. Alikua, na nyumbani kulikuwa na watu wa kumsubiri.

Kuna jambo la shule pia ambalo wazazi wengi hawalitazami. Alipokuwa Gredi ya 6 na chini, mtoto alikuwa na mwalimu mmoja wa darasa aliyemjua kwa sauti na kwa mwandiko. Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, walimu hubadilika kulingana na somo. Watu wazima wanaingia na kutoka darasani, wenzake ndio wanaobaki naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Si ajabu kwamba wao ndio anaotaka wamkubali.

Turudi kwenye swali la baba, "Nani alikulazimisha?" Mtoto alijibu kweli. Hakuna aliyemlazimisha, na kwa kawaida hakuna anayelazimisha. Mwaka wa 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, mchezo ambao ukiendelea kwenda wakati taa inageuka unapata pointi zaidi lakini unaweza kugonga. Wengine walicheza peke yao, wengine marafiki wakiwa pembeni. Wenye miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana marafiki walipokuwepo. Wenye miaka 13 hadi 16 walijitosa kwenye hatari mara nyingi zaidi. Mwaka wa 2011 Jason Chein na wenzake walirudia jambo hilo marafiki wakiwa chumba kingine, wakitazama tu, huku ubongo wa mchezaji ukipigwa picha. Kwa vijana, kule kujua tu kwamba marafiki wanatazama kuliamsha zaidi sehemu za ubongo zinazohusika na raha na zawadi, na hatari wakazichukua zaidi.

Ndiyo maana "hukujua ni hatari?" halikuwafikisha mahali. Alijua. Akiwa peke yake jikoni atakueleza vizuri kuliko mimi kinachoweza kutokea watoto wanne wakikutana na trela kwenye barabara ile. Ujuzi anao, kinachobadilika ni uzito wake wenzake wakiwepo. Kumrudia somo la ajali ni kumfundisha anachokijua. Kinachofanya kazi ni kupunguza nafasi za kukaa katika hali ile, na kumpa njia ya kutoka akishanaswa ndani yake.

Kuhusu nafasi, anzeni na ufunguo. Baba aende kwa mjomba mwenye pikipiki, bila ugomvi, fundi na mwenye chombo wanaongea. Amwombe ufunguo usiachwe nyumbani Jumapili. Kisha tafuteni wazazi wa wale wengine, mkutane nusu saa tu, hata nje ya kanisa, mkubaliane kanuni moja: hakuna mtoto wa nyumba hizi anayepanda mshikaki. Kanuni ikiwa ya nyumba moja, mtoto wenu ndiye anayebaki nyuma akichekwa. Ikiwa ya nyumba zote, hakuna wa kucheka.

Halafu yule aliyerudi kwa miguu. Mama, huyo kijana ana thamani kubwa kwenu. Katika majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu wazima waliotakiwa kulinganisha mistari wakiwa peke yao karibu hawakukosea kabisa, lakini walipozungukwa na kundi lililokubaliana kwenye jibu la uongo, walifuata kundi katika takriban asilimia 37 ya majibu. Alipowekwa mtu mmoja tu katika kundi anayesema kweli, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Mmoja anatosha kuvunja ile hali ya "wote wamekubali". Siku ile yule kijana aliondoka peke yake na wako akapanda na kundi. Wangekuwa wawili huenda wote wangetembea. Jueni jina lake na kwao ni wapi, na mkaribisheni. Usimpe sifa mbele ya mwanao ("unaona mwenzako ana akili!"), maana ukifanya hivyo utaharibu urafiki kabla haujaanza. Chai, mandazi na mpira kwenye televisheni vinatosha.

Kwa hiyo jibu la kama mkataze marafiki wote ni hapana. Mtoto aliyekatazwa marafiki huendelea kuwaona, ila sasa anaficha, na nyinyi mnapoteza habari. Katazeni tendo, mahali na saa. Waacheni waje kwenu, hata wakimaliza mkate na kelele zikaudhi, kwa sababu hapo wapo machoni.

Njia ya kutoka inahitaji mazoezi. Watu humwambia mtoto "sema hapana" wakadhani wamemaliza, kisha anafika mbele ya wenzake anashikwa na kigugumizi, anapanda. Neno analohitaji liwe fupi, lisiwahukumu wengine, na liambatane na kuondoka. "Ni hatari, na nyinyi msipande" ni hotuba, inawafanya wenzake wajitetee na wamcheke. "Zii, mi natembea, tupatane uwanjani" ni neno zuri, kwa sababu limekataa pikipiki bila kuwakataa wao. "Baba akisikia nimekwisha" nalo ni zuri. Mwambieni waziwazi kwamba ana ruhusa ya kumsingizia baba ukali wowote anaotaka. Fanyeni igizo dakika kumi hivi: dada mkubwa awe rafiki, amsukume mara tatu, mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa kicheko, ya tatu kwa "we mwoga". Kukataa mara moja ni rahisi, wengi huanguka kwenye kicheko, kwa hiyo zoezi linaloishia mara ya kwanza halina faida. Atumie maneno yake mwenyewe, hata kama ni Sheng isiyokupendeza. Maneno ya mama mdomoni mwa kijana wa miaka 13 hayadumu hata kidogo.

Pili, ajue nambari yako kwa kichwa, si kwa simu tu, kwani simu anayoweza kuipata huenda ikawa ya mwenzake au ya mwenye kibanda. Kubalianeni kwamba akiflash mara mbili unampigia mara moja na kumkemea kwa sauti wenzake wasikie: "Uko wapi? Rudi nyumbani sasa hivi!" Atajifanya amekasirika, na atarudi akiwa hajaaibika. Awe pia na nauli ya dharura ambayo hailiwi, shilingi 100 iliyokunjwa nyuma ya kifuniko cha daftari. Sharti la mpango huu ni moja, nalo ni gumu kwa wazazi: usiku huo hakuna maswali. Yatazungumzwa kesho yake. Baba akimvaa mlangoni kwa "ulikuwa na nani", mfumo umekufa siku hiyo hiyo na hataflash tena.

Dada yake msimwache nje ya jambo hili. Mwaka wa 2015 Lisa Knoll na watafiti wenzake huko London waliwauliza watu wa kuanzia miaka 8 hadi 59 mambo fulani ni ya hatari kiasi gani, kwa mfano kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, kisha wakawaonyesha maoni ya watu wengine. Watu wa umri mwingine, wengi wao, waliyazingatia zaidi maoni ya watu wazima. Wa miaka 12 hadi 14 peke yao ndio waliovutwa zaidi na maoni ya vijana. Neno moja la dada wa miaka 17, "sisi pale shule mtu wa mshikaki tunamwona mshamba", litamwingia kuliko mawaidha ya jioni nzima kutoka kwako. Zungumza na binti faraghani, mweleze unachoomba, na usimgeuze mpelelezi. Akianza kuleta ripoti kwako, ndugu yake atajua na mlango huo utafungwa.

Kuna swali moja ningependa baba alijaribu, wakati mzuri ukiwa Jumamosi gereji, kijana akimshikia taa chini ya gari. Watoto wa umri huu huongea vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega na mzazi kuliko wakikaliwa uso kwa uso mezani. Amuulize, "Darasani kwenu ni wangapi waliowahi kubebana mshikaki?" Jibu la kwanza litakuwa "wote". Aendelee bila kubisha: "Fulani je? Na yule wa karibu na dirisha?" Wakihesabu kwa majina, mara nyingi "wote" wanageuka kuwa wachache. Vijana hukadiria kupita kiasi ni wenzao wangapi wanafanya mambo ya hatari, kwa kuwa wanaofanya ndio wanaosimuliwa na waliobaki nyumbani hawasimuliwi. Baba asimalizie kwa "unaona sasa?" Aombe spana waendelee na kazi.

Mambo mengine ya kuepuka nitayasema kwa haraka. Msimgombeze mbele ya wenzake, hata kwa jambo dogo, kwani hapo mnamlazimisha kuchagua kati yenu na wao na jibu mnalijua. Akikupita njiani, mpite nawe kwa amani, mtasalimiana nyumbani. Kwaya mwachie, lakini mtafutie kundi jingine lenye mtu mzima ndani yake, timu ya mpira yenye kocha au skauti, mradi liwe na ratiba Jumapili mchana, maana ile saa tupu baada ya ibada ndiyo iliyompeleka Lanet. Ufuasi wenyewe si adui. Uvutano ule ule uliompandisha pikipiki unaweza kumfanya afanye mazoezi na amalize kazi ya shule kwa sababu kundi lake linafanya.

Bweni, basi. Kwa sababu hii mliyoitaja, ushauri wangu ni hapana, na baba anisikilize hapa. Bweni linamtoa kwa marafiki wanne na kumweka na wenzake mchana na usiku, katika miaka ile ile ambayo neno lao lina uzito mkubwa zaidi, huku watu wazima wakiwa wachache kwa kila mtoto. Tena ataingia akiwa mgeni. Mgeni katika kundi la vijana hulipa zaidi ili akubaliwe, na ni yeye anayetumwa kuruka ua. Atampoteza yule mwenzake aliyetembea, atampoteza dada, na ataelewa kwamba ametupwa kwa kosa moja. Akifika Gredi ya 10, akiwa na miaka 15 au 16, huenda akaitwa shule ya bweni hata hivyo, na wakati huo atakuwa ameanza kupata miguu yake mwenyewe.

Lakini zipo dalili ambazo si za umri tu, na zikionekana msingoje. Kukosa shule bila nyinyi kujua. Pesa, simu au viatu visivyo na maelezo. Marafiki waliomzidi sana umri, hasa wenye kazi na vyombo vya usafiri. Pakiti ndogo za kuber au majani mfukoni. Kuachana na marafiki wote kwa ghafla, kukosa usingizi au hamu ya kula, alama mwilini. Baadhi ya hizo zinaonyesha kwamba anatishwa au anaonewa, na mtoto anayeonewa anahitaji ulinzi, hahitaji kufundishwa kukataa. Anzeni na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Childline Kenya wanapatikana bila malipo kwa nambari 116, na mzazi pia anaweza kupiga. Kwa mambo ya vileo na dawa za kulevya, nambari ya NACADA ni 1192, nayo ni ya bure.

Mdogo aanze sasa, maana katika miaka 7 mazoezi ni mchezo tu. Viazi vitamu msigombanie. Siku mbili kwa wiki abebe mkate, siku nyingine achague mwenyewe kati ya vitu viwili mlivyo navyo, na siku akibeba viazi weka vipande vya kutosha kuwagawia wa dawati lake. Mara nyingi kicheko huishia hapo. Mwombe mwalimu wake, mara mojamoja, awaagize watoto waandike jibu na kugeuza daftari kabla ya yeyote kusema, ili binti awe na jibu lake kwenye karatasi kabla hajaona la jirani. Nyumbani fanyeni hivyo wakati wa chakula cha jioni. Ulizeni swali dogo, kama kuna maharagwe mangapi kwenye kikombe au Jumamosi tupike nini, kila mtu aandike jibu lake kwanza, halafu mdogo asome la kwake kabla ya wakubwa. Likitofautiana na la baba yake, baba amuulize amefikaje hapo, amsikilize mpaka mwisho, na Jumamosi nyingine kipikwe alichosema yeye.